Hedhi Kukatika Si Dalili ya Kuiva: Dhana Potofu Zinazonichosha Kuhusu Tour de France ya Wanawake

"Dada, huyu binti sasa ameiva kwa mbio za baiskeli. Mwepesi, na hata siku zake zimekoma."

Kauli hii nimeshaisikia kwa makocha, kwa wazazi, na kinachoniuma zaidi, kwa mabinti wenyewe, wakiitamka kwa fahari. Tangu Agosti 2025 imezidi. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alishinda Tour de France ya wanawake, mbio za baiskeli za siku kadhaa ambazo kila siku moja huitwa hatua, akaeleza hadharani kwamba alikuwa amepunguza kilo nne kwa ajili ya mbio zile, na tangu hapo kila mwendesha baiskeli anayekuja kwangu kuuliza mambo ya lishe anazitaka kilo nne hizo hizo, na anazitaka zitoke kabla mwezi haujaisha. Basi nitaanza na hilo. Mengine yatagawana nafasi itakayobaki.

Nianze na lililo kweli. Mlimani uzito una maana. Hatua ya 8 mwaka ule iliishia juu ya Col de la Madeleine, kilomita 18 na ushee za mwinuko wa wastani wa asilimia 8. Kwenye mlima wa namna hiyo spidi ni ndogo, upepo haukusumbui sana, unapambana na uzani wako na wa baiskeli yako. Ndiyo maana tunahesabu wati, yaani nguvu anayotoa mtu kwenye pedali, kwa kila kilo ya mwili wake. Ila watu huisoma hesabu hii nusu. Chukua binti wa kilo 58 anayeweza kushikilia wati 290: ana wati 5 kwa kilo. Mshindishe na chai ya rangi na mboga za majani hadi afike kilo 55, misuli ipungue, ashuke hadi wati 270. Sasa ana 4.9. Kilo tatu zimeondoka na mlima umekuwa mgumu kuliko mwanzo. Kwenye tambarare ndiyo balaa kabisa, maana kule kinachotakiwa ni wati zenyewe, na yeye ametupa 20. Muulize Lorena Wiebes, aliyeshinda hatua mbili mwaka ule ule na kuvaa hadi mwisho jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, kama mapaja yake aliyapata kwa kuruka chakula cha mchana.

Halafu kuna upande wa pili wa habari ya Ferrand-Prévot ambao haufiki huku. Alikuwa na miaka 33, bingwa wa Olimpiki wa baiskeli za milimani Paris 2024, na nyuma yake kuna timu yenye wataalamu wa lishe na madaktari. Yeye mwenyewe alisema ulikuwa mpango wa muda, na kwamba si hali ya kuishi nayo. Demi Vollering, aliyemaliza wa pili, aliandika baadaye kwamba hataki kujikondesha kupita kiasi. Mimi hata kwa usimamizi huo nisingempa mtu ushauri wa kufuata njia ile. Sembuse msichana wa miaka 17 ambaye daktari wake wa timu ni kaka yake mwenye pikipiki.

Sasa tuje kwenye hedhi. Mwili unaopewa chakula kisichotosha kazi unayoufanyisha huanza kubana matumizi. Unazima kwanza kile usichokihitaji ili kuiona kesho, na uzazi ndio wa kwanza kwenye orodha. Ubongo unapunguza homoni zinazoamrisha mfuko wa mayai, estrojeni inashuka, hedhi inakatika. Hapo hakuna cha kuiva. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii pana, ya mwili wa mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha, jina la RED-S mwaka 2014, na hedhi ni sehemu moja tu inayoonekana. Visivyoonekana ni mifupa, kinga ya mwili, usingizi, hasira za ghafla, na mapigo ya moyo yanayoshuka chini halafu kocha anayasifia.

Mifupa naomba tuitazame vizuri, kwa sababu kwa waendesha baiskeli ni habari nyingine kabisa. Mkimbiaji anapogonga ardhi, mfupa unapata kichocheo cha kujijenga. Mwendesha baiskeli amekaa. Saa nne, saa tano, mgongo na nyonga havibebi mshindo wowote, kwa hiyo hata anayekula vizuri yuko kwenye hatari ya mifupa laini. Ukimwondolea na estrojeni, mlinzi wa mwisho ameondoka. Mifupa ya ujanani hujengwa ujanani. Ukiufuja muda huo, hakuna maziwa ya uzeeni yatakayourudisha wote. Na katika mchezo huu kuanguka si suala la kama utaanguka, ni la lini.

"Lakini uzito wake haujashuka, kwa hiyo anakula vya kutosha." Hapana. Mwili unaobana matumizi unaweza kukaa kwenye kilo zile zile miezi mingi huku ukizima taa chumba kimoja baada ya kingine. Mizani haioni hilo. Tunachohesabu sisi ni nishati inayobaki baada ya kutoa ile ya mazoezi. Ikiwa chini ya kilokalori 30 hivi kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, tuna wasiwasi, ingawa mpaka huo hutofautiana mtu na mtu. Majaribio ya maabara yalishaonyesha zamani kwamba siku 5 za upungufu wa namna hiyo zinatosha kuvuruga homoni. Siku tano! Tour ya 2025 ilikuwa na hatua 9.

Hapa ndipo mbio za hatua zinapotofautiana na mbio za siku moja, na ndipo hoja ya kukata chakula inapokufa. Mwendeshaji anayetoa wastani wa wati 180 kwa saa nne amefanya kazi ya takriban kilojoule 2,600, na kwa sababu ya jinsi misuli inavyopoteza joto, hizo ni karibu sawa na kilokalori 2,600 alizochoma. Ni ndizi mbivu 26, na bado hatujahesabu nishati ya kupumua, kutembea na kulala. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni gramu 400 hadi 500, na ukiisha unahitaji karibu siku nzima ya kula vizuri kuujaza tena. Yeye siku nzima hana. Ana jioni moja, usiku, na asubuhi, kisha filimbi inapulizwa tena. Kwa binti wa kilo 58 tunazungumzia gramu 500 za wanga kwa siku na zaidi: kwa mchele peke yake, ni zaidi ya nusu kilo kabla haujapikwa. Anayekula sahani ya mlo wa kupungua siku ya kwanza atapendeza kwenye picha za siku ya kwanza. Siku ya sita ataachwa kwenye kilima ambacho hata jina hakina.

Kuna wanaonitupia jina la Annemiek van Vleuten wa Uholanzi. Mwaka 2022 tumbo lilimchafuka siku za mwanzo, chakula hakikai, na bado akashinda Tour akiwa na miaka 39, tena kwa dakika tatu na ushee. "Si unaona?" Ninachoona ni kwamba milima ilikuwa mwishoni. Alikuwa na siku kadhaa za kujificha ndani ya kundi, timu ikimlinda na upepo, tumbo likatulia, akala, ndipo akaondoka peke yake siku ya saba kuelekea Le Markstein na kuwaacha wote. Alishinda baada ya kuanza kula. Ikiwa ni mfano, ni mfano wangu mimi.

Na kama mnataka jina la upande wa pili, Veronica Ewers wa Marekani alimaliza wa 9 katika Tour hiyo hiyo. Baadaye alieleza mwenyewe, kwa ujasiri ambao namheshimu nao, kwamba kwa miaka mingi hakuwa amepata hedhi ya kawaida, na akasimama kushindana ili ashughulikie afya yake. Wa tisa katika Tour! Kwa hiyo msiniambie "mbona anafanya vizuri". Mtu anaweza kufanya vizuri kwa muda huku akilipa kwa mkopo.

Ninachowaambia wanaokuja kwangu ni hiki. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, nenda hospitali. Kipimo cha kwanza ni cha ujauzito, usione haya, hata kama una hakika. Kisha tezi ya shingo, homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, na mengine atakayoagiza daktari, maana si kila hedhi inayokatika ni njaa. Msichana aliyefika miaka 15 hajavunja ungo naye aende. Vidonge vya uzazi wa mpango visikudanganye: damu inayotoka ukiwa unavitumia inaletwa na vidonge, haithibitishi kwamba mwili umerudi, na havijengi mifupa kama chakula kinavyojenga. Na asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, kula. Nimechoka kusikia habari za kilomita 80 kwa chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate, halafu chakula saa nane mchana. Uji wenye sukari, viazi vitamu, chapati, chochote. Nyanyueni na vitu vizito mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya mifupa. Kaka zangu nanyi msicheke pembeni: kwa wanaume testosteroni hushuka kwa njaa ile ile, ila ninyi hamna kalenda ya kuwastua.

Dhana potofu nyingine sasa, haraka.

Kwamba Tour ya wanawake ilizaliwa 2022. Hii ya sasa, ndiyo. Lakini Millie Robinson wa Isle of Man alishinda ya mwaka 1955, na kati ya 1984 na 1989 ilifanyika kila Julai sambamba na ya wanaume. Marianne Martin wa Marekani alishinda ya 1984 kwa hatua 18. Hatua 18, miaka arobaini iliyopita, halafu mtu ananiambia wanawake hawana pumzi ya mbio ndefu.

Ambalo linanileta kwenye urefu. Hatua zao ni fupi kwa sababu kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zimeweka kikomo, kwa kawaida kilomita 160 kwa hatua moja. Waandaaji wakipewa ruhusa, wanawake wanakwenda: zaidi ya kilomita 175 mwaka 2022, 177 mwaka uliofuata. Kigali, Septemba 2025, mbio za dunia za wanawake zilikuwa kilomita 164 na ushee kwenye vilima vile ambavyo kila aliyepita Rwanda anavijua, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akaibuka bingwa.

Kwamba aliyeshinda hatua nyingi ndiye bingwa. Unajumlishwa muda, basi. Mwaka 2024 Kasia Niewiadoma hakushinda hatua hata moja. Vollering alianguka hatua ya 5, akapoteza dakika 1 na sekunde 47. Siku ya mwisho akamshambulia Niewiadoma na kushinda juu ya Alpe d'Huez, akapata na sekunde 10 za bonasi, zinazokatwa kwenye muda wake. Jumla ilipopigwa, Niewiadoma alibaki mbele kwa sekunde 4, pengo dogo kuliko lolote katika historia ya Tour, ya wanawake au ya wanaume.

Kwamba Waafrika tupo kusindikiza. Kim Le Court wa Mauritius alivaa jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, mwaka 2025 na kushinda hatua ya 5 huko Guéret, miezi michache baada ya kushinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa ya siku moja huko Ubelgiji.

Kwamba maji yanatosha. Kwa saa moja, sawa. Kwa saa nne ukinywa maji matupu mengi unaizimua damu yako chumvi, na hilo linaweza kukulaza hospitali. Vinywaji vya rangi rangi vya dukani sivikatazi, ila bei yake inanikera. Chukua chupa ya mililita 750, vijiko vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia limau. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, mchanganyiko unaopita vizuri tumboni. Chupa moja na ndizi moja kwa saa, na uanze kunywa dakika ya 20, kabla hujasikia kiu wala njaa. Jaribu mazoezini kwanza. Tumbo nalo hufundishwa.

Na la mwisho, ambalo akina mama huniuliza kwa kunong'ona baada ya wengine kutoka: siti ya baiskeli inaharibu uzazi. Mama yangu, kizazi kiko ndani ya nyonga, siti haikifikii. Lizzie Deignan wa Uingereza alijifungua 2018, akarudi kwenye mbio, na 2021 akashinda Paris–Roubaix, mbio ngumu ya siku moja huko Ufaransa, ya kwanza kabisa ya wanawake. Kinachotishia uzazi wa binti yako ni ile njaa niliyoieleza juu. Siti inaharibu ngozi: michubuko, majipu, maambukizi, na yamewashusha wengi kwenye baiskeli kabla ya mlima kuwashusha. Siti ipimwe kwa upana wa mifupa ya makalio, ncha yake isiinuke juu. Kaptula iwe ya sponji, ivuliwe mara tu mazoezi yakiisha, ifuliwe kila siku na ianikwe juani. Na haivaliwi juu ya chupi. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua.