Mwamko wa wazazi haupimwi kwa debe la mahindi

Robo hii tena nimeletewa taarifa ya shule yenye sentensi ile ile chini ya changamoto: wazazi hawana mwamko wa elimu. Mimi ni afisa elimu kata huku Chamwino, mkoani Dodoma, na sentensi hiyo imenichosha. Nikimuuliza mwalimu mkuu ana maana gani, jibu huwa moja: hawajatoa mahindi ya uji, au hawakuja mkutanoni.

La mkutano halina mjadala mrefu. Ukiuitisha Februari saa nne asubuhi, watu wako kwenye palizi, wa kulaumiwa ni aliyepanga tarehe. Subiri uwele na mtama viingie ghalani, Juni au Julai. Na ajenda ifafanuliwe kwa Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku, pale inapobidi. Kina mama wanaokaa kimya mbele ya Kiswahili cha ofisini ndio huwa wa kwanza kuuliza.

Mahindi ndiyo yana maneno. Ada na michango ya lazima viliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na tangu Januari 2016 ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Zinazobaki ni za vitabu. Shule ya watoto 500 ina milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Hela ni ndogo, sibishi. Lakini ni ya watoto wao, na wazazi wengi ninaokutana nao hawajui kwamba ipo. Waraka Na. 3 wa 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa, kwa hiyo kuomba mahindi si kosa. Kosa ni kumkumbuka mzazi siku ya kutoa tu, na akiuliza zile za serikali zimefanya nini, anaambiwa hayo ni ya kamati ya shule.

Kamati ipi? Wajumbe wa upande wa wazazi wanachaguliwa na wazazi wenyewe, mwalimu mkuu ni katibu, na kazi yao ni kupitisha mpango na bajeti kabla fedha haijatoka benki. Ninachokikuta mara nyingi ni muhtasari ulioandikwa ofisini, kisha mwenyekiti anafuatwa shambani atie saini. Salio halijui, hati ya malipo hajawahi kuiona. Halafu naambiwa hawajasoma, hesabu hawataziweza. Watu hao hao wanaendesha vikoba, na kila mmoja anajua nani amekopa, kiasi gani na riba imefika wapi! Bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kwa lugha ya kawaida, muone maswali yatakayokuja. Shule zangu zilizofanya hivyo zimepata mahindi bila mtendaji wa kijiji kupita nyumba kwa nyumba, isipokuwa mwaka wa ukame, maana kuona hesabu hakujazi ghala tupu.

Sina hakika kama kamati imara inainua ufaulu wa darasa la saba. Matokeo ya kata yangu hayajanionyesha hivyo. Na kuna linaloniumiza zaidi. Wazazi wakipewa kauli ya kweli, wengi huamua kwamba mtoto ambaye kwao hawajachangia asinywe uji. Hoja yao ina uzito: akinywa bure, mwakani nani atatoa? Mimi hupinga, na kuna pahali nimeshindwa, kwa sababu ni mimi niliyewaambia uamuzi ni wao. Katika shule moja tulikubaliana serikali ya kijiji itaje kaya zisizojiweza zisamehewe, na kwa zenye uwezo zisizotoa, mzazi aitwe kwa mtendaji huku mtoto akiendelea kupewa uji. Shule ya jirani wamelikataa pendekezo hilo. Julai tunakutana nao tena.