Karata, bao na kompyuta: dhana potofu kuhusu michezo na fikra za kisayansi

Mwalimu wa sayansi akiingia darasani na pakiti ya karata, hakosi mzazi wa kuuliza kama ada imelipwa ili watoto wafundishwe kamari. Na hakosi mwingine wa kushangilia, akiamini kwamba mtoto akicheza tu, akili itajinoa yenyewe. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana maneno yake yanapendeza.

Dhana: Mchezo ni mchezo, sayansi ni kazi

Hili halihitaji maneno mengi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilizindua Foldit, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hukunja na kukunjua protini akitafuta umbo lililo thabiti zaidi. Mwaka 2011 wachezaji wake, wengi wao si wanasayansi kabisa, walitoa kielelezo kilichowawezesha watafiti kupata umbo la kimeng'enya cha virusi vinavyowaletea nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Wataalamu walikuwa wamelihangaikia umbo hilo kwa zaidi ya miaka 10. Wachezaji walimaliza kwa wiki 3.

Dhana: Akishinda, ameelewa

Hapa ndipo walimu wengi tunaponaswa. Chukua jaribio la jiwe linaloning'inia kwenye uzi na kubembea. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, unalo jaribio hilo kwenye skrini, bure, na baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mwambie mwanafunzi alifanye jiwe libembee polepole zaidi. Atarefusha uzi na kuongeza uzito kwa mpigo mmoja. Jiwe litapunguza mwendo, naye atatangaza kwa furaha: "Jiwe zito huchelewa!"

Kazi aliyopewa ameimaliza, lakini alichojifunza ni uongo. Uzito hauhusiki. Uzi wa mita 1 hubembea kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, na wa sentimita 25 kwa takriban sekunde 1, ufunge kokoto au ufunge nondo, mradi pembe isiwe kubwa. Ili alijue hilo, alipaswa kubadili kitu kimoja na kuviacha vingine kama vilivyo. Skrini haikumlazimisha, wala haikumuuliza: umejuaje?

Je, angeligundua mwenyewe kwa kuendelea kuchezacheza? Zhe Chen na David Klahr walilipima jambo hilo kwa watoto wa miaka 7 hadi 10, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Waliofundishwa waziwazi kwamba jaribio la haki hubadili kitu kimoja kwa wakati waliboreka. Walioachwa wajaribu wenyewe hawakusogea sana. Kwa hiyo ule msemo wa "mwache acheze, atajua tu" una mipaka yake.

Dhana: Bila kompyuta hakuna mchezo wa kufundishia sayansi

Karata zinatosha, tena kwa jambo lililo gumu kuliko yote: kumfanya mtu aitilie shaka dhana yake mwenyewe. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliwapa wanafunzi 29 wa chuo namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kutunga namba tatu tatu za kwao. Wengi walidhani ni kuongeza mbili mbili. Wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila mara wakajibiwa ndiyo. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Sita tu ndio waliopatia bila kwanza kutangaza jibu lisilo sahihi. Kujaribu 1, 7, 50 mara moja tu kungeiangusha dhana ile, lakini nani anataka kuiangusha dhana anayoipenda?

Mchezo wa karata uitwao Eleusis, uliobuniwa na Robert Abbott mwaka 1956, umejengwa juu ya udhaifu huohuo. Mgawaji anaficha kanuni, tuseme: baada ya kopa au uru, weka pau au shupaza. Wachezaji wanaweka karata, naye anajibu sawa au si sawa, basi. Uzuri wake ni kwamba karata iliyokataliwa hairudi mkononi. Inalazwa chini ya safu ya karata zilizokubaliwa, mbele ya macho ya wote. Ushahidi unaokupinga unabaki mezani. Na katika toleo lake la baadaye, anayedhani ameijua kanuni hujitangaza nabii na kuanza kuamua karata za wenzake. Akikosea, anavuliwa unabii na kuadhibiwa hapohapo.

Dhana: Bao na sataranji humfanya mtoto aweze kila kitu

Bao la mashimo 32 na kete 64 hutaka hesabu kali ya kichwani, na mimi ni mpenzi wake. Lakini ujuzi wa bao ni wa bao. Uingereza walilijaribu hili kwa sataranji katika shule 100 za msingi. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya masomo hayo kwisha, waliofundishwa sataranji hawakuwazidi wenzao katika hesabu, wala kusoma, wala sayansi.

Dhana: Kelele za mchezo si masomo

Inategemea wanapigia nini kelele. Constance Steinkuehler na Sean Duncan walichambua majadiliano ya wachezaji wa World of Warcraft, mchezo wa kompyuta ambao haukutengenezwa kwa ajili ya shule. Mwaka 2008 waliripoti kuwa asilimia 86 ya ujumbe waliousoma ulikuwa wa kujenga maarifa kwa pamoja: kutoa hoja, kupinga, kuleta ushahidi. Uliofika hadi kutumia vielelezo vya jinsi mambo yanavyofanya kazi ulikuwa kama mmoja kwa kumi. Ukiwa na darasa la watoto 60, wagawe makundi ya watu 6 wacheze Eleusis, kila kundi na karata zake, na katika kila kundi mmoja asicheze. Aandike kila kanuni iliyodhaniwa na karata iliyoiua.