Kizingiti, mkate na chai ya treni: kuwajua Waukraine nyumbani kwao

Siku ya kwanza nilipoalikwa nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu mjini Kharkiv, nilifika mlangoni mkono nimeshaunyoosha. Baba mwenye nyumba hakuupokea. Alinishika kiwiko, akanivuta ndani, akafunga mlango nyuma yangu, ndipo akanipa mkono wake kwa nguvu zote. Nilidhani nimekosea. Baadaye rafiki yangu akanieleza kwamba Waukraine hawasalimiani kwa mkono juu ya kizingiti, na hata kitu hawakipokezani hapo. Wazee wanaamini kuwa kinachopita juu ya kizingiti huleta ugomvi. Ama uingie, ama mwenyeji atoke nje kwako.

Kazi yangu sasa ni kuwaandaa vijana wetu wanaokwenda kusoma na kufanya kazi Ulaya Mashariki, na kila nikizungumzia Ukraine naanzia kwenye kizingiti hicho. Mambo mengi yanayomchanganya mgeni huko yanatokana na tofauti kati ya nje na ndani. Nje, barabarani au dukani, Mukraine hamtabasamii mtu asiyemjua. Keshia atakurudishia chenji bila kukutazama usoni. Kwake tabasamu ni la mtu anayemfahamu, na akikupa ujue amekupa kweli. Ndani ya nyumba mtu huyohuyo atakulisha mpaka uombe msamaha.

Lakini tusichanganye mambo. Ukimya wa barabarani si ubaguzi, ila ubaguzi nao upo, na kijana wetu anastahili kuambiwa kabla hajapanda ndege. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na vita kamili vikaanza, wanafunzi wengi wa Kiafrika walieleza jinsi walivyozuiwa kupanda treni na kuvuka mipaka, na tarehe 28 mwezi huohuo Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani. Wapo pia waliohifadhiwa na familia za Kiukraine siku hizohizo, wakalala nao kwenye vyumba vya chini ya majengo. Nimewasikia wa pande zote mbili, na siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba lililompata halikutokea.

Turudi mlangoni. Ukishaingia, vua viatu. Hili halina mjadala, hata kama mwenyeji atasema kwa adabu kuwa si lazima. Utapewa ndara za ndani, wanaziita kaptsi, na nyumba nyingi huwa na jozi kadhaa za wageni. Usiende mikono mitupu: peleka chokoleti, keki, matunda au maua. Ukipeleka maua, yahesabu. Matatu, matano, saba. Idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya msiba, na mama utakayempelekea maua manne atashtuka kweli.

Halafu mezani. Chakula kinachojulikana kuliko vyote ni borshch, na mwezi Julai 2022 UNESCO iliuweka utamaduni wa kukipika kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu vita vilikuwa vimewatawanya wapishi wake. Watu husema ni supu ya bitiruti, lakini aliyeiona ikipikwa anajua kuna zaidi. Mama wa rafiki yangu alianza na mifupa ya nyama, akaichemsha taratibu mpaka supu ikawa safi. Bitiruti alizikata vijiti vyembamba akazikaanga pembeni pamoja na karoti na kitunguu, akatia nyanya na tone la siki. Ile siki ndiyo inayoshika rangi. Bila kitu kichachu, bitiruti hupauka na supu ikawa na rangi ya kutu. Viazi viliingia kwanza, kabichi baadaye, bitiruti mwishoni kabisa, kisha kitunguu saumu kilichopondwa na majani ya kunukia yaitwayo krip. Alifunika sufuria, akakataa kupakua. Borshch ya leo huliwa leo, alisema, lakini ya kesho ndiyo tamu. Huletwa mezani na kijiko cha smetana, ile malai iliyochachuka, na mikate midogo iliyopakwa kitunguu saumu, pampushky.

Msomaji Mwislamu ataniuliza habari za nguruwe. Yupo, na yuko mahali usipomtarajia: mafuta yake hutumika kukaangia vitu ambavyo kwa macho ni mboga tupu. Sema mapema "bez svynyny", yaani bila nyama ya nguruwe. Njia nyingine ni kuulizia "pisnyi borshch", borshch ya siku za mfungo wa Kikristo, isiyo na nyama kabisa, ambayo mara nyingi hutiwa maharage au uyoga. Ukraine ina Waislamu wake wa asili pia, Watatari wa Crimea, ambao Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, aliwahamisha kwa nguvu kuanzia tarehe 18 Mei 1944, taifa zima likapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Waliruhusiwa kurudi kwa wingi karne ile ikielekea ukingoni, na tangu Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014 wengi wameondoka tena. Mapishi yao, chebureki, mfano wa sambusa kubwa ya nyama, na pilau iitwayo plov, yanapatikana Kyiv na miji mingine.

Na mtu wa ugali hatalala njaa huko. Kwenye milima ya Carpathia, kwa Wahutsul, chakula kikuu ni unga wa mahindi. Upo mgumu uitwao kulesha, unaokatwa kwa uzi ukishapoa, na upo laini uitwao banosh, uliosongwa ndani ya malai badala ya maji, kwa mwiko wa mti, kisha ukanyunyiziwa jibini ya kondoo. Wachungaji waliupika nje juu ya moto wa kuni. Mara ya kwanza nilipouona ukisongwa niliomba mwiko, wakaniachia, na hakukuwa na haja ya mkalimani.

Kitu ambacho mgeni anapaswa kukishika kwa uangalifu kuliko vyote ni mkate. Mgeni wa heshima hupokewa kwa mkate na chumvi juu ya rushnyk, kitambaa kirefu cheupe kilichodariziwa. Unamega kipande kidogo, unachovya kwenye chumvi, unakula. Ukidondoka chini, wazee huuokota na kuubusu. Hautupwi. Kwa bibi wa Kiukraine, kuacha mkate sahanini ni jambo zito, na sababu yake inakwenda mbali zaidi ya adabu.

Mwaka 1932 na 1933, serikali ya Stalin ilinyang'anya nafaka vijijini, kwenye nchi yenye udongo mweusi ulio miongoni mwa yenye rutuba kubwa duniani. Sheria ya tarehe 7 Agosti 1932 iliruhusu mtu apigwe risasi au afungwe miaka kumi kwa kuchukua mazao ya shamba la pamoja. Watu waliiita sheria ya masuke matano. Vijiji vilifungwa, wakulima wakazuiwa kutoka kwenda kutafuta chakula, na watu milioni kadhaa wakafa kwa njaa. Waukraine wanaita Holodomor, kuua kwa njaa, na bunge lao lililitambua kuwa mauaji ya kimbari mwaka 2006. Mbele ya jumba la makumbusho ya Holodomor mjini Kyiv amesimama msichana wa shaba, mwembamba, ameshika masuke matano kifuani. Kwa miongo mingi chini ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa hatari hata kulitaja jambo hili, kwa hiyo lilibaki kwenye mikono: kwa bibi anayekusanya makombo kiganjani na kuyala, anayejaza ghala la chini ya nyumba mitungi ya kioo ya matango, nyanya na cheri, anayekwambia "yizh, yizh", kula, kula, na hawezi kuacha. Jumamosi ya nne ya Novemba, saa kumi jioni, familia huwasha mshumaa na kuuweka dirishani. Ukiwa huko siku hiyo, washa na wewe.

Kuhusu lugha, hapa pamebadilika sana. Wenzetu waliosoma zamani Kharkiv au Odesa walirudi wakizungumza Kirusi, maana ndicho kilichotawala mitaa na madarasa ya miji hiyo. Mimi pia nilianza hivyo. Leo usianze hivyo. Lugha ya taifa ni Kiukraine, kifungu cha 10 cha katiba kinasema hivyo, na tangu 2022 watu wengi waliokua wakizungumza Kirusi wameamua kukiacha, hata mbele ya watoto wao. Herufi moja ya Kiukraine, "ї", ambayo Kirusi hakina, imekuwa ikichorwa ukutani usiku kwenye miji iliyotekwa kama alama ya kupinga. Jifunze "dobryi den" kwa salamu ya mchana, "diakuiu" kwa asante, "bud laska" kwa tafadhali. Mji mkuu ni Kyiv. Matamshi na tahajia ya Kirusi iache. Matamshi yako yatakuwa mabovu na hakuna atakayejali.

Heshima ya majina Mswahili ataielewa haraka kuliko Mzungu wa magharibi. Mwalimu au daktari huitwa kwa jina lake na la baba yake: Ivanivna ni binti Ivan, Ivanovych ni bin Ivan, hivyohivyo kama ilivyo kwetu pwani. Wengine utawaita "pan" kwa mwanamume na "pani" kwa mwanamke, na jina hubadilika mwisho wake unapomwita mtu: Oksana unamwita "pani Oksano", Andrii unamwita "pane Andriiu". Yapo pia maneno mawili ya "wewe". "Ty" ni ya rafiki na mtoto. "Vy" ni ya mkubwa na usiyemjua. Usihame kutoka "Vy" kwenda "ty" mpaka mkubwa akuruhusu mwenyewe.

Sikukuu nazo zina habari zake. Tangu 2023 Krismasi ya kitaifa husherehekewa tarehe 25 Desemba. Zamani sikukuu ya serikali ilikuwa tarehe 7 Januari pia, kwa kalenda ya kale ambayo Kanisa la Urusi bado linaifuata. Usiku wa mkesha meza huwa na vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, cha kwanza kuonjwa kikiwa kile kiitwacho "kutia", ngano iliyochemshwa na kuchanganywa na asali na mbegu za popi. Ule wimbo wa kengele unaopigwa madukani kila Desemba, hadi Nairobi na Dar es Salaam, ulitoka Ukraine: ni "Shchedryk", uliopangwa kwa kwaya na Mykola Leontovych na kuimbwa Kyiv mwaka 1916. Maneno yake hayana kengele hata moja. Ni mbayuwayu aliyeingia nyumbani kumtabiria mwenye nyumba mwaka wa neema. Na Alhamisi ya tatu ya Mei watu huenda kazini wamevaa vyshyvanka, shati la kudariziwa, desturi iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chernivtsi mwaka 2006.

Sasa niseme wazi kuhusu kwenda. Nchi iko vitani, na makombora na droni hupiga pia miji iliyo mbali na mstari wa mapigano. Anga imefungwa kwa ndege za abiria tangu tarehe 24 Februari 2022. Zungumza na wizara yako ya mambo ya nje na kampuni ya bima kabla ya kufanya lolote, na kama safari si ya lazima, ahirisha. Waukraine unaweza kuwajua kwingine: Poland na Ujerumani wako wengi, Kanada wapo tangu 1891, na Zanzibar wenyeji wetu wanakumbuka mamia ya watalii wao waliokwama visiwani vita vilipoanza, hawana pa kurudi.

Anayelazimika kwenda huingia kwa treni, mara nyingi kupitia Przemyśl nchini Poland, ambako reli pana ya Ukraine ya milimita 1,520 inafika hadi stesheni. Usiku kucha mko wanne kwenye chumba cha vitanda. Watu wanavua viatu, wanavaa ndara na nguo za nyumbani, wanatandika shuka, wanatoa mayai ya kuchemsha na matango. Kile chumba ni nyumba, na adabu za ndani zinaanza. Mhudumu wa behewa analeta chai kwenye glasi iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma. Kubali ukikaribishwa chakula, na toa chako.

Weka kwenye simu programu ya tahadhari ya mashambulizi, na king'ora kikilia shuka handakini hata kama wenyeji hawajanyanyuka. Kyiv, vituo vya treni za chini ya ardhi ndivyo mahandaki. Kituo cha Arsenalna kiko mita 105 na nusu chini ya ardhi, ngazi za umeme zinakushusha kwa dakika kama tano. Usipige picha askari, vizuizi vya barabarani wala mahali palipopigwa. Saa tatu asubuhi kila siku ni dakika ya ukimya: simama ulipo. Jeneza la askari likipita, utaona watu wamepiga magoti kando ya barabara. Na usimwulize mwanamke mumewe yuko wapi. Kama anataka kusema, atasema.

Siku ya kuondoka nyumba ile ya Kharkiv nilikuwa nimechelewa, begi begani, mkono kwenye kitasa. Mama akaniita nirudi nikae. Nikaketi juu ya begi langu ukumbini, yeye kwenye kigoda, baba kwenye sanduku la viatu, rafiki yangu sakafuni, sote kimya, kama wafanyavyo kabla ya kila safari ndefu. Baada ya dakika moja baba akasimama, akafungua mlango, akatoka nje pamoja nami, na huko nje ya kizingiti akanipa mkono.