Tableti, simu na laptopu: dhana potofu zinazowafanya watu wanunue vibaya

Novemba 2001, jijini Las Vegas, Bill Gates wa Microsoft alionyesha kompyuta bapa ya kuandikia kwa kalamu, akatabiri kwamba ndani ya miaka mitano aina hiyo ndiyo itakayoongoza kwa mauzo ya kompyuta nchini Marekani. Miaka mitano ikapita, laptopu zikaendelea kuuzwa kama kawaida. Kisha tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs wa Apple akaitambulisha iPad, na safari hii waliokosea ni waliobeza: wengi walisema ni iPod (kile kicheza muziki cha Apple) iliyovimba, nayo ikauzwa kwa mamilioni.

Tangu hapo mabishano hayajaisha. Upande mmoja unasema tableti, au kishikwambi, ni pesa ya kuchezea kwa mtu ambaye tayari ana simu. Upande mwingine unasema laptopu inaelekea makumbusho. Kwa maoni yangu wote wanailinganisha na kitu kisicho mshindani wake. Mshindani halisi wa tableti ni karatasi, na ukiitazama hivyo dhana nyingi zinajibika zenyewe.

"Ni simu kubwa tu"

Kinachodanganya hapa ni inchi. Inchi za skrini hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe, kwa hiyo mtu akiona simu ya inchi 6.7 na tableti ya inchi 11 anadhani tofauti haifiki hata mara mbili. Anasahau kwamba simu ni ndefu na nyembamba. Ukipiga hesabu ya eneo, skrini ya simu ya kawaida ya ukubwa huo ina takriban inchi za mraba 17, na ya tableti inakaribia 55. Hiyo ni zaidi ya mara tatu.

Sasa fungua PDF ya karatasi ya A4. Upana wake ni milimita 210. Simu ikiwa wima, skrini yake ina upana wa milimita 70 hivi, maana yake ukurasa umesinyaa hadi theluthi moja, na herufi za pointi 12 zimekuwa za pointi 4. Hapo ndipo unapoanza kuvuta kwa vidole viwili, unasukuma kulia kumalizia mstari, unarudi kushoto, unakuta umeruka mstari mzima. Kwenye tableti ile ya inchi 11 upana ni kama milimita 148, sawa na karatasi ya A5. Herufi zinabaki na pointi nane na ushee, na ukikata pambizo nyeupe ukurasa unakaribia ukubwa wake halisi. Unasoma bila kugusa kitu. Mwanafunzi mwenye mafaili ya mihadhara, mwanakwaya mwenye nota, fundi mwenye mchoro wa jengo, mhariri anayesahihisha rasimu kwa kalamu nyekundu: hawa hawahitaji kushawishiwa.

Marubani walishalielewa hilo zamani. American Airlines ilikamilisha mwaka 2013 kazi ya kuondoa mikoba ya miongozo na ramani iliyokuwa na uzito wa kilo 16 hivi kila mmoja, ikaweka iPad badala yake. Kampuni ilikadiria kuokoa galoni 400,000 za mafuta kwa mwaka kwa kupunguza uzito huo tu. Makarani wa sensa katika nchi nyingi nao wameacha madodoso ya karatasi kwa sababu hiyohiyo ya ukurasa, pamoja na nyingine nzuri zaidi: fomu ya kwenye tableti inaweza kukataa kujazwa kwamba mtoto amemzidi mama yake umri.

Lakini wanaosema "simu kubwa" wana hoja yao. Programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya simu, kisha zikanyooshwa tu zijaze kioo. Instagram haikuwa na programu maalumu ya iPad hadi Septemba 2025. Na iPad yenyewe ilikaa miaka 14 bila kikokotoo cha kampuni iliyoiunda. Kilikuja na iPadOS 18, toleo la programu kuu inayoendesha iPad, mwaka 2024. Mashine inayochora katuni na kuhariri video, lakini ukitaka kujumlisha gharama za harusi utafute programu ya mtu mwingine!

"Ina sehemu ya laini, basi inapiga simu"

Si lazima. iPad zenye laini zinatumia bando la intaneti, hazipigi simu za kawaida. Baadhi ya tableti za Android zinapiga, nyingine hazipigi, na picha kwenye boksi haitakuambia. Kuna jingine linalowaumiza watu: iPad za Wi-Fi pekee hazina GPS. Ukiinunua kwa ajili ya ramani barabarani, utabaki unakisia. WhatsApp nayo ilichelewa sana kufika kwenye iPad, hadi Mei 2025, na hapo pia kawaida unaiunganisha na akaunti iliyo kwenye simu yako. Kwa hiyo tableti haiondoi simu mfukoni.

"Ukiipachika kibodi umepata laptopu"

Dhana hii ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu aliyeiamini hununua mara mbili: kwanza tableti na kibodi na kalamu, halafu laptopu.

Microsoft waliwahi kuilipia wenyewe. Oktoba 2012 walitoa Surface RT, tableti yenye sura ya Windows na kibodi ya kubandika. Watu wakaona Windows, wakadhani ni Windows ile waliyoizoea. Haikuwa ile. Ilikuwa na prosesa ya aina ya ARM, kama zile za simu, na programu zote walizokuwa nazo kwenye kompyuta zao za zamani ziligoma kuingia. Julai 2013 kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kutokana na mashine hizo. Surface Pro, iliyotoka mwaka huohuo wa 2013 ikiwa na prosesa ya Intel, iliendesha programu hizo bila shida. Kwa nje zilifanana sana.

Kwa hiyo nguvu si tatizo. iPad Pro ya 2021 ilikuwa na prosesa ya M1, ileile iliyokuwa kwenye laptopu za Apple za wakati huo. Mipaka iko kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kifaa. Excel ya kwenye iPad haiendeshi makro, zile amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe. Anayetengeneza programu za iPhone anatumia Xcode, na Xcode inahitaji Mac. Kwa miaka mingi ukianza kuhifadhi video ndefu uliyoihariri kisha ukahamia programu nyingine, kazi ilikuwa ikikatika. Matumizi kamili ya kipanya yalikuja Machi 2020, na madirisha yanayopangika kama ya kompyuta yamekuja na iPadOS 26 mwaka 2025. Pengo linapungua, sikatai, lakini angalia limechukua muda gani.

Halafu kuna mwili wenyewe. Ukiandika kwa kibodi ya kwenye kioo, tableti ikiwa mlalo, karibu nusu ya skrini inafunikwa na hiyo kibodi, na hati unayoiandika unaichungulia juu yake. Ukiongeza kibodi halisi, uzito unarudi: iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2020 pamoja na Magic Keyboard yake ilifika kilo 1.35 hivi, wakati laptopu ya Apple ya MacBook Air ya mwaka huo ilikuwa na kilo 1.29. Ule wepesi ulioununua umeishia wapi? Na kibodi nyingi za kubandika zinataka meza. Ukiziweka mapajani zinayumba.

Kalamu nayo ina mtego. Zile za bei ndogo zenye ncha ya mpira ni kidole tu kilichorefushwa. Hazijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na ukilaza kiganja kwenye kioo utachora mstari usioutaka. Uandishi wa kweli unahitaji kioo kilichotengenezewa kalamu yake, kama Apple Pencil kwa iPad zinazoikubali au S Pen kwa baadhi ya Galaxy Tab za Samsung. Ulizia hilo kabla ya kununua tableti, maana haliongezwi baadaye.

Ushauri wangu hapa hauna adabu ya kusema "inategemea". Kama riziki yako ni kuandika, kufanya hesabu kwenye Excel au kuunda programu, na una uwezo wa kununua kimoja tu, nunua laptopu, hata ikiwa imetumika. Kama laptopu unayo na unasoma au kusahihisha kurasa nyingi, tableti ya kawaida kabisa itakufaa kuliko unavyodhani.

"RAM 16GB kwa bei ya kutupa"

Soma boksi polepole. Mara nyingi utakuta pameandikwa kitu kama "8GB + 8GB". Ile nane ya pili ni sehemu ya hifadhi (mahali pa kuweka mafaili) iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, yaani kumbukumbu ya haraka ambayo mashine hufanyia kazi, na hifadhi ni ya polepole mno kulinganisha. RAM halisi ni ile nane ya kwanza, kama nayo ni ya kweli. Zipo tableti zisizo na jina zilizochezewa mfumo ili hata ukurasa wa mipangilio utaje namba za uongo. Programu kama CPU-Z au AIDA64 husaidia kuona prosesa na kioo halisi. Muuzaji akikukatalia kuiweka na kuifungua mbele yake, umeshapata jibu.

Hifadhi ya 64GB nayo haiko wazi yote, kwani mfumo umeshajichukulia gigabaiti zake kabla hujaweka hata picha moja.

Kasoro nyingine haionekani dukani kabisa. Huduma za filamu kama Netflix hukagua kiwango cha ulinzi dhidi ya kunakili filamu kinachoitwa Widevine. Tableti yenye L1, kiwango cha juu, inaonyesha picha kali. Yenye L3, kiwango cha chini, inabaki na picha hafifu hata kama kioo chake ni kizuri na intaneti inakimbia. Mtu analaumu mtandao miezi na miezi.

Na uulize masasisho. iPad Air 2 ya mwaka 2014 iliendelea kupata matoleo mapya hadi iPadOS 15 ya mwaka 2021. Tableti nyingi za bei ya chini hubaki na toleo la Android zilizozaliwa nalo, na programu za benki hatimaye huanza kuzikataa.

"Betri ya tableti haina mpinzani"

Ilikuwa kweli. Apple walitangaza saa 10 tangu iPad ya kwanza, wakati laptopu nyingi zilikuwa zikihangaika kufika saa tano. Siku hizi kuna laptopu zinazoipita: MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ilitangazwa kwa saa 18 za kutazama video. Faida iliyobaki kwa tableti ni kwamba inachajika kwa chaja ya simu au pawa benki ya kawaida, na mahali umeme unapokatika hiyo ni faida kubwa.

"Mpe mtoto tableti, atafaulu"

Mwaka 2013 shule za Los Angeles zilianza kuwagawia wanafunzi iPad katika mpango mkubwa mno. Ndani ya wiki chache mamia ya wanafunzi walikuwa wameshaondoa vizuizi na kuingia mitandao wanayoitaka wao, na ikabainika pia kwamba mitihani ya kompyuta ingehitaji kibodi ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Mwaka 2014 mkataba ukasitishwa. Peru walishapitia njia hiyo kwa kompyuta ndogo za watoto: tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusu shule 319 za vijijini, haikuona tofauti katika alama za hisabati na lugha. Kifaa kiligawiwa, lakini ufundishaji ulibaki ule wa jana.

Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, na kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Ila kuna kundi moja ambalo tableti imelibadilishia maisha, nalo halitajwi sana. Ni watoto wasioweza kuongea. Wanagusa picha na mashine inasema sentensi kwa niaba yao. Vifaa maalumu vya kazi hiyo viligharimu maelfu ya dola. Sasa ni programu ndani ya tableti ya kawaida, na mtoto hatofautiani kwa kifaa na wenzake.

"Ya zamani ni ya kutupa"

Si kweli, ila usiitumie tena kuingilia benki. Tableti isiyopata masasisho ondoa humo akaunti za fedha na barua pepe, izimie Wi-Fi, ijaze PDF, nota na vitabu vya mapishi. Kazi hiyo haihitaji toleo jipya la kitu chochote. Nyingine zinaweza kuwa kioo cha pili cha kompyuta, kwa Sidecar upande wa Apple tangu 2019, au kwa programu kama spacedesk kwa Android na Windows. Usiiache tu kwenye chaja usiku na mchana. Betri iliyochoka huvimba, na dalili ya kwanza ni kioo kuanza kuinuka kwenye fremu upande mmoja. Ukiona hivyo izime, usiibonyeze irudi mahali pake, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi au mahali wanapopokea betri chakavu.