Kusudi la maisha hulelewa kwa muda mrefu

Miongoni mwa malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara katika vyumba vya ushauri nasaha hapa Mombasa, kutoka kwa vijana waliomaliza shule na hata kwa watu wazima wenye kazi na familia, ni la mtu kusema kwamba siku zinapita lakini hajui anaishi kwa ajili ya nini. Wengi huja wakiamini kuwa kuna jambo moja kubwa waliloandikiwa, na kwamba kazi yetu ni kuwasaidia kulifumbua. Imani hiyo inafaa kuangaliwa upya, kwa kuwa humfanya mtu angoje kufunuliwa kitu ambacho kwa kawaida hukua polepole mikononi mwa anayetenda.

Wanasaikolojia kama William Damon wa Chuo Kikuu cha Stanford huliona kusudi kuwa nia ya kudumu ya kutimiza jambo lenye thamani kwa mtu mwenyewe na lenye faida kwa walimwengu wengine. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kutamani kujenga nyumba Nyali ni lengo halali kabisa, ila lengo likishafikiwa huwa limekwisha, ilhali kusudi humpa mtu la kufanya kesho na keshokutwa. Wala faida yake si ya moyoni tu. Utafiti wa Patrick Hill na Nicholas Turiano uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia zaidi ya watu 6,000 nchini Marekani kwa miaka 14, ulionyesha kwamba waliokuwa na kusudi walikabiliwa na hatari ndogo zaidi ya kufariki katika kipindi hicho, wawe vijana au wazee. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa kusudi peke yake ndilo lililorefusha maisha, lakini ni dalili isiyofaa kupuuzwa.

Kinachozuia kusudi kukua siku hizi, mara nyingi, ni simu, na watu hudhani kwamba hasara yake ni muda unaopotea. Kwa maoni yangu hasara kubwa zaidi ni kukatika kwa mfululizo wa mawazo na matendo, kwa sababu kusudi huhitaji mtu akae na jambo moja hadi alifahamu kwa undani, alipende, aone upungufu wake na kisha atake kulitengeneza. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipopima mwaka 2004 muda ambao watu huutumia kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine, alipata wastani wa dakika 2 na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Hali hii haikuzuka kwa bahati mbaya. Mbinu ya kurasa zinazoteremka bila kikomo, iliyobuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, iliondoa mahali pa kusimama ambapo msomaji angejiuliza kama ametosheka, na mbunifu huyo mwenyewe ameeleza hadharani majuto yake. Aidha, zawadi isiyotabirika humvuta binadamu kuliko ile ya uhakika, na ndiyo maana anayesubiri kupendwa kwa picha yake na anayesubiri matokeo ya kubeti hushikwa na kamba ileile.

Nguvu ya mvuto huo huonekana hata mtu anapokuwa na nia njema. Huja kijana kuzungumza nasi, huzima sauti ya simu na kuilaza kifudifudi mezani kwa adabu, kisha katikati ya kueleza jambo linalomuumiza mkono wake hunyooka kuifikia simu, huigeuza, huitazama na kuirudisha, ingawa haikulia. Akiulizwa, mara nyingi hana habari kwamba ameigusa.

Mfano bora wa kusudi ninaowapa watu uko hapahapa pwani, katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Uchimbaji wa mawe ya matumbawe ulikuwa umeacha jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti ya aina mbalimbali mahali hapo. Mingi ilikufa, mivinje ikastahimili, lakini majani yake yalianguka na kukaa bila kuoza, hivyo udongo haukupatikana. Alipogundua kwamba jongoo hula majani hayo, jongoo waliletwa kwa wingi, na kidogo kidogo udongo ukaanza kujengeka na mimea mingine ikafuata. Leo watu hupeleka watoto wao huko kutazama viboko na twiga. Katika miaka hiyo ya mwanzo kulikuwa na siku nyingi mno ambazo hazikuwa na chochote cha kuwaonyesha watu, na mtu anayepima siku yake kwa idadi ya waliomtazama angeiacha kazi hiyo mapema.

Si haki kumwambia kijana asiye na ajira kwamba tatizo lake ni simu. Ukosefu wa kazi ni mzigo wa kweli, na mara nyingi simu ndiyo burudani ya pekee anayoimudu. Hata hivyo kusudi halisubiri mshahara. Swali tunalompa halihusu anachokipenda, maana hilo humrudisha kwenye kujitazama. Tunamuuliza ni nani anayepungukiwa na kitu ambacho yeye anaweza kukitoa. Mmoja atajibu kuwa ni watoto wa mtaani kwao Kisauni wasiojua hesabu, mwingine ni bibi yake anayehitaji kupelekwa kliniki. Akishajibu, tunamwomba ashike jambo hilo moja kwa wiki kadhaa, saa ileile, simu ikiwa chumba kingine, na awepo mtu mmoja, kaka, shangazi au ustadhi wake, wa kumuuliza limefikia wapi. Wengi hushindwa wiki ya kwanza, na kuanza tena ni sehemu ya zoezi.

Inafaa pia kutofautisha kukosa mwelekeo na ugonjwa. Mtu ambaye kwa wiki 2 au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, tena usingizi au chakula kimemvurugika na anajiona hana thamani, huenda ana sonona, na hiyo haitibiki kwa kuambiwa atafute kusudi. Afike kituo cha afya kilicho karibu na aeleze hali yake bila kuona haya. Akiwa na mawazo ya kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.