Kengele ya Hisabati ikilia, wapo wanaoendelea kuandika

Kila Novemba, siku watahiniwa wa Kidato cha Nne wanapofanya Hisabati, malalamiko yanayotufikia sisi wa Baraza la Mitihani la Tanzania ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya wazazi: mwanangu amerudi analia, wenzake wote wamepata jibu jingine swali la nane, tufanyeje? Ya pili ni ya wasimamizi: waliomaliza wamejazana barazani wanabishania majibu kwa sauti, na chumba cha pili bado kina mtihani. Wengi huliona la kwanza ndilo zito. Mimi naanza na la pili, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kumponza mtu.

Karatasi ya Hisabati ni ya saa 3. Ikianza saa 2:00 asubuhi, kengele inalia saa 5:00, karatasi zinakusanywa, watu wanatoka. Lakini mtahiniwa mwenye uoni hafifu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa saa 3 za Hisabati nyongeza hiyo ni saa nzima. Maana yake, ninyi mliomaliza, hadi saa 6:00 mchana yupo mwenzenu ndani anayeandika, na mara nyingi chumba chake ni hicho hicho chenye dirisha linalotazama baraza mnalosimama. Mkitaja pale nje kwamba swali la 4 jibu lake ni 2x − 1, mmelipeleka jibu ndani ya chumba cha mtihani. Hamkukusudia, najua. Msimamizi naye lazima aandike taarifa ya tukio, na taarifa ikishaandikwa, anayeanza kutiliwa shaka ni yule aliyekuwa ndani, ambaye hakuomba kusaidiwa.

Nieleze na yanayoendelea ndani baada ya kengele, maana watu hudhani kazi imekwisha. Msimamizi anakusanya vijitabu vya majibu akifuata namba za mtahiniwa, anavihesabu, anavilinganisha na orodha ya mahudhurio iliyotiwa saini asubuhi, kisha vinaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa kwa lakiri na kuandikwa namba ya kituo na ya somo. Hesabu ikipishana hata kwa kimoja, hakuna bahasha inayofungwa. Ndiyo maana mtahiniwa anayerudi mlangoni kuuliza "mwalimu, swali la 9 ulipata ngapi?" anafukuzwa kwa ukali. Msimamizi hana ruhusa ya kujadili karatasi ile na yeyote, na wakati huo anahesabu.

Simu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwani maelezo kwenye karatasi yanasema wazi kwamba vifaa vya mawasiliano, vikokotoo na vitu vingine visivyoruhusiwa havitakiwi chumbani. Bado kila mwaka yupo mzazi wa kutuambia kwamba mtoto alikuwa nayo mfukoni imezimwa, alitaka tu akitoka awaulize wenzake wa shule nyingine wamepata nini. Kuzimwa hakubadilishi kitu. Kukutwa na simu chumbani kunashughulikiwa kwa Sheria ya Baraza la Mitihani, Sura ya 107, na Kanuni za Mitihani za mwaka 2016. Ikithibitika kuwa ni udanganyifu, yanafutwa matokeo ya mtihani mzima, si ya Hisabati peke yake. Udanganyifu ukienea kituoni hauishii kwa mtu mmoja. Oktoba 2018 yalifutwa matokeo ya darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza, na watoto wakarudia mtihani tarehe 8 ya mwezi huo huo. Humo walikuwemo watoto wasiojua lolote.

Kulinganisha majibu kwenyewe, mtihani ukiwa umekwisha kwa wote, si kosa. Nasema wazi hivyo kwa sababu kuna walimu wanaowatisha wanafunzi kwamba wakijadili karatasi watafutiwa matokeo. Si kweli. Ubaya wake ni kwamba kwa Hisabati mjadala wa getini unapotosha sana, na ninaomba wazazi wanielewe hapa.

Vijana wawili wanatoka. Mmoja ana 78.5, mwingine ana 78.57. Wanaangaliana, mmoja anaanza kutetemeka. Swali lilikuwa eneo la duara lenye nusukipenyo cha sentimita 5: mmoja ametumia 3.14, mwenzake 22/7. Kama swali halikuelekeza thamani ya kutumia, hapo hakuna aliyekosa. Wengine wawili: huyu 6/√3, yule 2√3. Hiyo ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili. Ila kama swali liliagiza kuondoa kipeuo kwenye asili, wa kwanza hajamaliza kazi. Kwa hiyo kinachoamua ni maneno ya swali, na getini nani anayakumbuka maneno ya swali? Wanakumbuka namba. Wanaotumia majedwali ya logariti nao hupishana tarakimu ya mwisho, na ugomvi unaanza upya.

Mfano mwingine, unaogusa jambo ambalo umma hauliamini hata tukilisema mara ngapi. Swali linataka mteremko wa mstari unaopita nukta (2, 3) na (6, 11), kisha mlinganyo wake. Mteremko ni 8 kwa 4, yaani 2, na mlinganyo ni y = 2x − 1. Mtahiniwa wa kwanza ameandika y = 2x − 1 basi, hakuna mstari mwingine. Wa pili ameweka kanuni, ameingiza namba, kwa haraka 6 kutoa 2 akaandika 3, akapata mteremko 8/3, akaendelea na mlinganyo kwa utaratibu sahihi hadi mwisho. Getini wa kwanza anashangilia, wa pili anaambiwa amekula sifuri. Karatasi hiyo hiyo ilimwagiza mtahiniwa aonyeshe kwa uwazi hatua zote zinazohitajika pamoja na jibu. Mgao wa alama wa swali lolote uko kwenye mwongozo wa usahihishaji na sitaukisia hapa, lakini anayesema kwamba Hisabati inasahihishwa kwa kutazama mstari wa mwisho hajawahi kukaa kwenye meza ya usahihishaji. Kila swali lina wasahihishaji wake, wanaoafikiana kwanza namna ya kuutumia mwongozo, na kwenye kijitabu wanaona namba ya mtahiniwa, hawaoni jina.

Karatasi ina maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Swali la nane likiharibika lote, zimeondoka alama 6 katika 100. Daraja D linaanzia alama 30, C linaanzia 45. Najua kwa nini watu wanaogopa: kwa miaka mingi aliyefaulu Hisabati amekuwa takribani mmoja kati ya watano, na mwaka 2023 walifika kama robo. Hofu hiyo ina msingi. Haina msingi pale mtoto aliyekosa alama 6 anapolala njaa, asubuhi anaingia kwenye somo jingine akiwa hajafungua daftari, na mwingine haonekani kabisa chumbani kwa sababu "nimeshafeli". Daraja la jumla la ufaulu (divisheni) linapigwa kwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. Aliyekata tamaa kwa somo moja ameyapoteza mengine kwa mikono yake, na hilo hatuna namna ya kumrekebishia. Rufaa ya matokeo ipo, hupitia kwa mkuu wa shule ndani ya muda uliotangazwa, lakini somo ambalo hukulifanya halikatiwi rufaa.

Kuhusu "majibu kamili ya Hisabati" yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp jioni ile ile: hayatoki kwetu. Nimeyaona ya walimu wazuri tu, na nimeona humo makosa ya kuhesabu. Anayetaka kujifunza kwa dhati asome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza hutoa kwa kila somo. Humo kuna kurasa halisi za waliopata na waliokosa, na maelezo ya walipokosea. Zinamfaa zaidi wa Kidato cha Tatu kuliko aliyetoka chumbani leo.

Wakuu wa shule, chagueni mahali mapema: bwalo, au upande wa pili wa uwanja wa mpira. Mwalimu wa zamu asimame kwenye baraza kuanzia saa 5:00 na awaelekeze huko wote wanaotoka, mpaka mtahiniwa wa mwisho amalize na bahasha ya mwisho ifungwe.