Imunofloresensi: namna ugonjwa unavyoonyeshwa mahali ulipo ndani ya tishu

Imunofloresensi ni njia ya maabara ya kutafuta kitu kimoja mahususi ndani ya tishu kwa kutumia kingamwili iliyofungwa rangi inayong'aa. Kingamwili hushika shabaha yake na kuacha vingine. Hivyo ikidondoshewa juu ya kipande chembamba cha ngozi au figo, hunasa pale tu shabaha ilipo, na iliyobaki huoshwa. Chini ya hadubini yenye mwanga wa buluu, rangi ya fluoresini hung'aa kijani. Kwingine kote ni giza.

Mwanzilishi wake ni Albert Coons wa Harvard, aliyechapisha kazi hiyo na wenzake mwaka 1941. Rangi yao ya kwanza iling'aa buluu, na ikawasumbua kwa sababu tishu zenyewe hung'aa hivyo kwa asili. Ndipo wakahamia fluoresini.

Faida yake kubwa ni kwamba inaonyesha mahali. Chukua magonjwa mawili ya malengelenge, pemfigasi na pemfigoidi. Kwa macho yanaweza kufanana, na yote mawili husababishwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe kuishambulia ngozi yake. Katika pemfigasi, zinashambulia desmogleini, protini zinazoshikamanisha seli za ngozi. Basi kijani huizunguka kila seli, na picha nzima inafanana na wavu wa mvuvi. Katika pemfigoidi utaona mstari mmoja tu, pale ngozi ya juu inapokutana na ya chini. Tofauti hiyo si ndogo: kabla ya dawa za steroidi, pemfigasi iliua wengi wa waliougua.

Kwenye figo kuna ugonjwa, nefropathi ya IgA, ambao bila kipimo cha aina hii hauthibitiki. Mwaka 1968 Jean Berger na Nicole Hinglais, huko Paris, walieleza figo zilizojaa chembechembe za IgA, ambayo ni aina mojawapo ya kingamwili, katikati ya vichujio vyake. Rangi za kawaida huonyesha kwamba vichujio vimeumia, lakini haziwezi kusema kilichorundikana humo ni nini.

Kwa kichaa cha mbwa, shabaha ni virusi vyenyewe. Ubongo wa mnyama aliyekufa hupakwa kingamwili dhidi ya virusi hivyo, na jibu hupatikana ndani ya saa chache.

Ila kipimo chote huweza kuharibika kabla sampuli haijafika maabara, na hili linaniuma kwa sababu linazuilika. Kila kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu kilichokatwa kwa mgonjwa, kimezoeleka kutumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu. Fomalini hufunga protini za tishu kiasi kwamba kingamwili haizifikii tena vizuri. Kwa malengelenge, daktari achukue vinyama viwili: kimoja cha lengelenge, kiende kwenye fomalini kwa uchunguzi wa kawaida; cha pili cha ngozi iliyo jirani isiyo na lengelenge, kiwekwe kwenye kimiminika cha Michel, kinachohifadhi tishu bila kufunga protini zake, au kigandishwe mara moja. Akikata lengelenge lenyewe kwa ajili ya imunofloresensi, majibu yanaweza kutoka hasi ilhali ugonjwa upo.

Kinyama cha figo kilichokwisha kuingia fomalini huweza kuokolewa na baadhi ya maabara kwa kukitibu na kimeng'enya, lakini mng'ao wake mara nyingi huwa hafifu, na huenda mgonjwa akalazimika kuchomwa tena sindano ya kuchukua kinyama kingine.